Njuga Iliyonyamaza

Wametusimulia wakubwa wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la Hadhramaut palikuwa na fundi wa visima akiitwa Ubada bin Nusayri, mtu wa swala na saumu, ambaye Jumatatu na Alhamisi hazikumpita bila kufunga. Ila ulimi wake, ndugu zangu, ulimi wake haukufunga naye.

Wachimbaji wa bonde lile walikuwa na ada yao. Shimoni huteremshwa kamba nyembamba, na huku juu imefungwa njuga. Aliye chini akiona udongo unamomonyoka huivuta, wote wakatoka, kisha fundi mkuu hushuka mwenyewe kutazama. Aliyevuta halaumiwi, hata kama hapana kitu.

Siku moja aliivuta Wahbu, mtu mzima mwenye watoto wawili. Ubada akashuka na saumu yake, jua la utosi, asione kitu. Akapanda akihema, akamwambia mbele ya wenzake: "Umekimbia kivuli chako, Wahbu. Bora angekuja mama yako na jembe." Watu wakacheka, maana kicheko hakina gharama kwa anayecheka. Tangu hapo wakamwita Bwana Njuga.

Miezi mitatu njuga haikulia. Ubada akamshukuru Mola, akidhani watu wamekwisha kuijua kazi.

Asubuhi moja ukuta wa shimo ukaporomoka. Asimu, aliyekuwa chini pamoja na Wahbu, alitolewa hai. Wahbu alitolewa maiti. Asimu akasema: "Ufa tuliuona tangu jana. Nikamwambia tuvute, akanijibu, 'Vuta wewe, mimi jina ninalo tayari.' Nami nikaona haya."

Matangani watu wakampa Ubada mkono wakimwambia ni kadari, Sheikh, siku yake ilifika. Ni maneno ya kweli, na lau angetaka angejificha nyuma yake mpaka Kiyama. Hakujificha. Alikwenda kwa Bi Rayhana, mama wa marehemu, akaketi chini mbele yake.

"Mama, siku ya kufa aijua Mungu. Lakini njuga niliinyamazisha mimi, kwa ulimi wangu."

Bi Rayhana akamwuliza: "Siku ile uliyomcheka mwanangu, ulikuwa umefunga?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Basi ulishinda na njaa tu, baba."

Hakumsamehe, wala hakumlaani. Ubada aliishi miaka mingi baadaye. Njuga ikilia alishuka, na asipokuta kitu alimwambia aliyevuta, "Mungu akulipe kheri." Ikawa inalia mara kwa mara. Kisima kile alimofia Wahbu nacho kilitoa maji matamu, lakini Bi Rayhana hakuyaonja mpaka anaingia kaburini. Alikwenda kuteka kwingine, mbali, na uzee wake.

Nasi tunaofundisha na kusimamia watu, wenzetu wakinyamaza tusifanye haraka kusema alhamdulillahi. Tukumbuke kwanza tuliwajibu nini mara ya mwisho waliposema.