Karani Aliyeruka Majina

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, wale wa mlangoni nao wapate pa kukaa. Nina mfano wa kuwapa, na nikiri mapema kwamba kila nikiusimulia mwili unanisisimka.

Palikuwa na karani wa zahanati, binti mwaminifu kweli kweli. Zahanati yenyewe ilikuwa ya wakfu, kwenye mji mdogo ambao ukipiga chafya sokoni unaombewa afya mpaka stendi. Kazi yake ilikuwa masijala, kutunza mafaili ya wagonjwa. Kabati lilikuwa la chuma, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Daktari mkuu alimwambia siku ya kwanza kabisa, "Mwanangu, faili halitoki chumba hiki." Na kweli halikutoka. Alikuja mume wa mtu na maneno matamu, akarudi mikono mitupu. Alikuja shangazi yake mwenyewe, "Niambie tu, yule jirani yangu anaumwa nini?" Akajibiwa, "Shangazi, karibu chai."

Basi wafadhili wakaandika kwamba wanakuja, na wanataka taarifa: zahanati imewasaidia watu gani, na vipi? Zilibaki siku tatu. Karani akaikumbuka hii akili mnemba mnayoisikia, ile unayoiuliza kwenye kompyuta ikakujibu kama mtu. Akafungua programu moja ya bure mtandaoni, akayatoa mafaili kabatini, akaketi kuchapa habari za wagonjwa thelathini, mmoja baada ya mwingine. Majina akayaruka yote. Kisha akaomba aandikiwe taarifa ya kugusa moyo.

Hajameza mate, kurasa sita hizi hapa! Akaziba mdomo kwa kiganja. Subhanallah! Kiswahili kilichonyooka, na wale wagonjwa aliowazoea kwa namba za mafaili sasa walikuwa watu, wana huzuni zao na matumaini yao. Machozi yakamlenga. Alijiona mdogo sana mbele ya kile kioo cha kompyuta. Akayarudisha mafaili kabatini, akayahesabu, yote yamo. Akafunga. Moyo wake ukatulia, maana hakuna kilichotoka. Au kilitoka? Ngojeni.

Siku ya wageni ikafika. Turubai, mikeka, pilau, mji mzima umekuja. Karani akapewa kipaza sauti, akasoma, na watu wakawa kimya hata watoto. Akafika ukurasa wa nne: "Yupo mama mjane, mshonaji wa sare za shule, mwenye mapacha wa kiume. Kwa miaka saba aliugua kifafa kwa siri. Leo, kwa dawa zetu, anashona kwa amani."

Jina halikutajwa. Lakini niambieni ninyi, katika mji ule walikuwepo wajane wangapi wanaoshona sare, wenye mapacha wa kiume? Alikuwa mmoja, na alikuwa ameketi mkeka wa tatu. Karani aliona vichwa vikigeuka, kimoja, viwili, kisha safu nzima. Akamwona mwanamke aliyekuwa bega kwa bega na yule mshonaji akivuta buibui lake na kujisogeza. Wapo watu mpaka leo wanaodhani kifafa kinaambukiza, na sote tunawajua. Karani akaikunja taarifa pale pale, hakuimaliza.

Baada ya siku mbili mshonaji alikuja dirishani. Wala hakugomba.

"Dada, naomba faili langu. Nitakaa nalo mwenyewe."

"Nisamehe, mama yangu. Jina lako sikuliandika, wallahi."

"Najua hukuliandika. Jana wamekuja wazazi wanne kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona, na hakuna aliyekosea nyumba."

"Na dawa, mama? Utachukua wapi dawa?"

Mshonaji akajitanda mtandio wake vizuri. "Nilikuwa nazifuata hapa kwa sababu mlikuwa mnajua ninyi tu." Akaondoka, dawa hakuchukua.

Karani akafunga dirisha. Akaenda kwa daktari, akamweleza yote huku analia. "Uliniambia faili lisitoke, daktari, na halikutoka!"

"Karatasi haikutoka," akasema mzee. "Maisha ya watu thelathini yametoka. Unajua sasa yamehifadhiwa wapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Yupo uliyemwomba ruhusa, japo mmoja?"

Akatikisa kichwa. Daktari akauliza polepole, "Unakumbuka mwaka ule mama yako alipokuleta kwangu usiku, nikakutibu?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Umewahi kulisikia jambo lile popote? Sokoni? Kwa shangazi yako?"

"Hapana," akajibu.

Mnataka kujua ni jambo gani? Hata mimi sijui, na ningejua nisingewaambia. Binti yule alikuwa ameduwaa mbele ya mashine iliyojua kusema, na kumbe miaka yote amefanya kazi na mtu aliyejua yake yote akanyamaza. Siku ile ile alibeba dawa akaenda kubisha hodi kwa mshonaji. Mlango haukufunguliwa. Akarudi kesho yake.

Na sisi je? Sisemi mashine ni haramu. Itumieni, inasaidia. Lakini wewe mwalimu, wewe wa benki, wewe wa ofisi ya kata, habari za watu ziko kwako kwa amana. Mwombe mwenye habari hizo ruhusa. Tumia chombo ambacho ofisi yako imekikagua, wala usichape zaidi ya kinachohitajika. Hayo sheria ya nchi inayataka, na ukiyavunja utaulizwa duniani.

Sasa tazama ulivyoingia msikitini leo. Umepewa salamu, umepewa mkono, na hakuna aliyejisogeza. Unadhani ni kwa wema wako? Mwenyezi Mungu anayajua yote, ya mwaka ule na ya jana, na amekusitiri. Allahu Akbar! Ujuzi wote ule, na ukimya wote ule juu yako! Ukirudi ofisini, ukakaa na habari za mtu mkononi, kumbuka kwamba na wewe unajulikana, na mpaka leo hujatangazwa.