Visiki Nyuma ya Jiko

Mtu mmoja alikuwa na kibanja cha migomba, mama mzee, na panga lisilojua kupumzika. Jina lake Mutalemwa. Alipenda usafi kupita kiasi. Hata kuku wa jirani walipita uani kwake kwa adabu. Mgomba ukishazaa na mkungu ukishashushwa, siku hiyohiyo aliukata usawa wa ardhi, akachimbua na shina, mwana wake, lile chipukizi lake, akabaki peke yake pembeni. "Ukishazaa umemaliza," alisema, akifuta jasho.

Mama yake, Kokuberwa, alilala chumba cha nyuma. Meno yake yalishaondoka, moja moja, bila kuaga, na jembe lilikuwa limemshinda. Kazi kubwa iliyombakia ni kumpondea ndizi mjukuu wake Kemilembe, mtoto wa Mutalemwa, aliyeachishwa ziwa juzijuzi na ambaye hakukubali kulishwa na mkono mwingine.

Mwaka huo kahawa ilizaa sana. Mutalemwa akahitaji stoo, akakitazama kile chumba cha nyuma. Akamwambia mama yake, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba kahawa ikianza kuchumwa atampeleka kwa dada yake Mutalemwa, ng'ambo ya mto. Mama hakulia. Aliuliza tu kama huko kuna mtoto mdogo.

"Wote wako shule, mama. Utapumzika."

"Haya," akasema. "Nitapumzika." Akaanza kufunga nguo zake kwenye kitenge.

Wakati wa kula Mutalemwa akatania, kama wanavyotania watu wenye jambo moyoni. "Lakini mama, bibi aliyekuzaa alikufa kabla hajaota hata mvi moja. Wewe umekula nini mpaka ukafika huku?"

"Ndizi, kama yeye. Mwili wangu ndio uleule wake. Hata huu mguu mbaya kaniachia yeye. Ila yeye alikunywa kisimani pamoja na ng'ombe, mimi nimeletewa maji ya bomba. Yeye alijifungua peke yake, mimi mkunga alinishika mkono. Yeye alilala na mbu, mimi umenitundikia chandarua. Miaka hii si nguvu zangu, mwanangu. Nimebebwa."

Kiangazi kikaja kikali. Kibanjani, wale wana wa migomba aliyoichimbua Mutalemwa wakalegea, majani yakaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Lakini nyuma ya jiko, kwenye kipande kidogo ambacho mama alikikata mwenyewe, wana walisimama kijani kibichi. Kando ya kila mmoja kulikuwa na kisiki cha mama yake, kimeachwa usawa wa kiuno, kimeoza juu, kibaya kukitazama. Mutalemwa akakichoma kimoja kwa ncha ya panga. Maji yakamtiririkia mkononi. Chini, shina la kisiki na la mwana lilikuwa moja. Kile kisiki kilikuwa bado kinanyonyesha.

"Mama, nani alikufundisha kuviacha hivi?"

"Nani anifundishe? Mgongo ulikataa kuinama."

Alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka, furushi lake tayari ubavuni, na Kemilembe mbele yake amefungua mdomo, anasubiri tonge. Mutalemwa akasimama pale, panga linadondosha maji. Halafu akalichukua lile furushi, akalirudisha chumba cha nyuma, akalifungua mwenyewe. Mwaka ule kahawa ililala sebuleni, na wageni waliketi juu ya magunia.

Ndugu zangu, hakuna kikao cha mababu kilichokaa kikapitisha kwamba watu wazeeke. Ilitokea tu, kama mgongo wa Kokuberwa. Palipobaki bibi, mtoto alikula. Mtoto aliyekula alikua, akazaa, na kizazi chake kikarithi huo uzee. Mgomba hufa ukishazaa, haukufika kwenye uzee; sisi tulifika. Na zamani waliofika walikuwa wachache, maana maji machafu, mbu na uzazi viliwakata njiani. Leo tunawavusha wengi, kwa bomba, kwa chandarua, kwa mkono wa mkunga.

Sasa niambie, wewe uliyemwongezea mama yako miaka: ulimwongezea ili umweke wapi?