Bibi Pimbi na Gari la Ndizi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na magari wakati wengi wenu leo hamna hata baiskeli, Fisi na Kiboko walifungua yadi ya kuuza magari. Waliwapenda wateja wazee kuliko wote. Kijana angefungua boneti akachungulia. Mzee ukimpa kiti, soda baridi na shikamoo tamu, umemmaliza.

Ndipo akaja Bibi Pimbi, mdogo kama kiazi, akitafuta gari la kumpeleka mumewe kliniki. Nyonga za Babu zilikuwa zimegoma, na kliniki ilikuwa ng'ambo ya kilima. Bibi akatoa mbuzi wake wote, akapewa gari jekundu linalong'aa kama kucha za bibi harusi.

Siku ya kliniki, katikati ya kilima: kwaruu! kwaruu! puu! Giaboksi ikapasuka, ikatapika ndizi mbivu. Fisi alikuwa amezishindilia humo ili vyuma vilivyolika visipige kelele mteja akasikia. Ukoo mzima wa Pimbi ukalisukuma gari mpaka nyumbani, Babu akigugumia ndani kwa maumivu.

Bibi akarudi yadi.

"Shikamoo bibi yangu!" Fisi akachangamka. "Gari linasemaje?"

"Marahaba. Halisemi tena."

Kiboko akacheka, meno nje kama vigingi. "Uzee huo, bibi! Umekosea gia. Halafu hapa kilichouzwa hakirudi."

Bibi Pimbi alitaka kulia, nisiwadanganye. Mbuzi hana, gari hana, na Babu hawezi hata kufika chooni. Lakini akameza mate, akatabasamu.

"Kweli wanangu, ni uzee tu. Tena wazee wenzangu wameliona uani, wanataka na wao. Njooni kesho mle nyama, muwaeleze. Mimi maneno matamu kama yenu nitayatoa wapi?"

Nyama! Tena wazee! Fisi udenda ukamtoka, chururu!

Kesho yake wakaja na gari lao wenyewe, jeupe, lile wasilomuuzia mtu. Vuuum! Kilima likakipanda kama linateleza. Uani wazee wamejaa, na gari jekundu limeoshwa, limetulia.

Fisi hata hakunawa mikono. Kazi ni kazi.

"Wazee wangu! Mashine hiyo! Inapanda mlima kama moshi!"

"Inalishinda hilo mlilokuja nalo?" akauliza Bibi Pimbi.

"Hili letu? Mkokoteni! Wallahi, ningepewa hilo jekundu leo, nisingelala kwa furaha!"

Bibi akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mgeni akisifia kitu cha mwenyeji hivyo, mila yetu huku inasemaje?"

"Apewe!" wazee wakaitikia. "Naye aache cha kwake!"

"Haya, mwanangu. Funguo hizi hapa."

Fisi mdomo wazi. Kiboko akamkanyaga mguu, akanong'ona, "Kataa, mjinga wewe!"

"Nikatae niseme nini? Kwamba ni bovu? Mbele ya wateja wote hawa?"

Fisi akatoa funguo za jeupe. "Ni... ni heshima kubwa, bibi. Na ile nyama?"

"Nyama gani tena? Mbuzi wangu si mliwachukua wote?"

"Hebu liwashe kwanza," akasema Mzee Kobe, "tuone huo moshi."

Fisi akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Akaingiza gia. Kwaruu! Kwaruu! Gari halikusogea hata unywele.

Wazee walicheka mpaka wengine wakaanguka vitini, na hakuna aliyeuliza bei.

Jua kali, njaa tumboni, Fisi na Kiboko wakaanza kulisukuma gari jekundu njia nzima. Hata hawajafika mbali, nyuma yao, pii! pii!

"Pisheni, wanangu!" Bibi Pimbi akapaza sauti dirishani, kichwa chake hakionekani vizuri juu ya usukani. "Babu anachelewa kliniki!"

Anayeuza uongo huishia kuununua mwenyewe.