Usukani wa Sekela

"Badili kilichoundwa, mwache aliyeumbwa."

Mzee Mwakalobo aliyasema maneno hayo akiwa amesimama mlangoni pa jiko, kikombe cha chai mkononi, alipopata habari kwamba mjukuu wake Tumpe alikuwa na siku ya tatu anakataa chakula ili gauni la harusi limwenee. Wasichana waliokuwa wakimenya ndizi wakacheka. Kisha mmoja akauliza, "Babu, methali hiyo umeitoa wapi? Shuleni hatukuisoma."

"Mtaisomaje, na shule yenu ni kongwe kuliko yenyewe?" Mzee alivuta kigoda akakaa. "Imezaliwa hapahapa Kyobola, macho yangu yakiona. Na aliyekosea siku hiyo ni mimi. Sikilizeni ilivyozaliwa."

Miaka hiyo barabara ya mlimani ilikuwa bado haijamwagwa changarawe. Wafugaji wa Kyobola walikuwa na chama chao, kaya kumi na moja, na Mwakalobo ndiye mwenyekiti. Kila asubuhi maziwa yao yalikusanywa kwenye keni mbili kubwa za bati, yakafungwa nyuma ya pikipiki na kupelekwa mjini, kwenye kituo cha kupozea maziwa. Kituo kilifunga mlango saa tatu kamili. Mpokeaji hakuwa na maneno mengi. Alichota maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti katika kikombe cha kioo, akatikisa. Yakiganda, keni nzima inarudi ilikotoka.

Aliyeyapeleka ni Sekela. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mfupi wa kimo na wa mikono, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kanisani jirani yake alidhani haimbi. Pikipiki alifundishwa na kaka yake. Wanaume watatu walikuwa wamejaribu kazi hiyo kabla yake, na wote walishindwa na vijiwe vya njiani, walikokaa kupiga soga huku maziwa yakichacha. Yeye hakuwa na kijiwe. Aliwajua ng'ombe wa kila nyumba kwa majina, akajua yupi kazaa juzi na yupi amepunguza maziwa. Aliipenda kazi ile kuliko alivyoweza kueleza. Akiwa juu ya pikipiki, hakuna mtu aliyemwambia aongeze sauti.

Kisha pikipiki ya zamani ikafa, na chama kikanunua mpya. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, nailoni ya kiwandani bado imefunika kiti na tangi. Mwenyekiti alikataza nailoni hiyo isibanduliwe. "Pikipiki ya chama haiguswi," alisema. "Ibaki kama ilivyokuja."

Nayo ilikuja na usukani mfupi, mnyoofu, uliolala chini mbele ya tangi kama pembe za ng'ombe aliyeinamisha kichwa kutaka kupiga. Ili aufikie, ilimbidi Sekela alale kifua juu ya tangi. Kwenye mteremko, uzito wake wote na wa keni mbili ulishukia viganjani mwake. Akifika nusu ya njia, vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata hawezi kuvuta klachi. Alisimama kando ya barabara, akakunja na kukunjua mikono, akanyoosha mgongo, akasubiri damu irudi. Jua nalo halikumsubiri. Mwezi ule maziwa yalirudishwa mara tatu.

Watu wa Kyobola si wabaya. Walimhurumia, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja alimletea dawa ya kuchua. Mwingine, Mama Kissa, alimshonea mkanda wa kufunga kiuno. Mzee mmoja alimshauri aning'inie kwenye tawi la mparachichi kila jioni ili mikono irefuke, na Sekela, kwa kuona aibu kukataa, alining'inia jioni nne mfululizo mpaka tawi likavunjika. Wote walimtibu yeye. Hakuna aliyeitazama pikipiki.

Siku ya tano alikwenda kwa Lwitiko, fundi pikipiki wa njia panda, akamwomba aangalie kama klachi ni ngumu.

Lwitiko aliivuta mara mbili. "Klachi ni nzima, dada. Hebu panda." Alipopanda, fundi akamwambia, "Sasa kaa wima kama ulivyozaliwa. Fumba macho. Nyoosha mikono kama unayepokea mtoto."

Sekela akanyoosha.

"Fumbua."

Mikono yake ilikuwa hewani, shubiri nzima juu ya usukani, na shubiri nyingine nyuma yake.

"Usukani wako ulipaswa kuwa hapo," Lwitiko alisema. "Wewe huumwi chochote."

Sekela aliitazama ile nafasi tupu kati ya viganja vyake na chuma. Machozi yalimtoka, si ya uchungu. Kwa mwezi mzima alikuwa ameamini kwamba mwili wake ndio kosa.

Kesho yake mwenyekiti aliitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja.

"Pikipiki ni mpya, haina kosa," Mzee Mwakalobo alisema. "Imetoka kiwandani, imetoka kwa wenye akili. Kama mwendeshaji haimwenei, tubadili mwendeshaji. Ipyana yupo."

Ipyana alikuwa mrefu kuliko wote kijijini, kijana ambaye watu walimwita awaangulie parachichi bila ngazi. Alinyoosha mikono yake. "Mimi hata nikikaa nyuma juu ya keni, usukani naufikia!"

Watu wakacheka.

"Usikasirike, mwanangu," Mama Kissa alimwambia Sekela taratibu. "Si kosa lako. Mungu ndiye aliyekupimia mikono hiyo."

Sekela akasimama. Alipofungua kinywa, wa nyuma wakapiga kelele, "Sauti!" Hakuipandisha. Alingoja, nao walipoona hasemi wakanyamaza wenyewe.

"Baba Mwenyekiti, jembe lako ulilinunua wapi?"

"Jembe?" Mzee alishangaa. "Dukani, kama watu wote."

"Lilikuja na mpini?"

"Tangu lini jembe likaja na mpini? Niliuchonga mwenyewe."

"Ukaupima kwa nani?"

"Ala! Nipime kwa nani tena? Kwa kimo changu."

"Ukiniazima leo nikalime nalo kutwa nzima?"

Mzee Mwakalobo akacheka kwa nguvu. "Wewe? Jembe langu litakuvunja mgongo, mwanangu! Mpini ule ni mrefu mno kwa..." Hapo akakwama. Kicheko kilibaki usoni mwake, hakina pa kwenda.

"Usukani nao ni mpini, baba," Sekela alisema. "Pikipiki imeundwa na watu. Mimi nimeumbwa na Mungu. Kama kuna cha kubadili, anzeni na kilichoundwa."

Kisha Mama Kissa akapiga kofi moja kubwa pajani. "Amina!"

Mwenyekiti alikohoa, akaweka kofia sawa. Hakuwa mtu wa kushindwa hadharani. "Siku saba," alisema. "Aubadili, tuone. Maziwa yakirudi hata mara moja, Ipyana anachukua ufunguo."

Lwitiko alikuwa na mzoga wa pikipiki ya shamba nyuma ya kibanda chake. Usukani wake ulikuwa mpana, umeinuka juu kisha ukapinda kumrudia mwendeshaji kama mikono ya mtu anayekukaribisha. Sekela aliuliza kwa nini asiupinde tu ule wa zamani kwa moto.

"Usukani hauchomwi, dada. Chuma kilichoungua kinakukatikia kwenye kona, na kona za mlimani unazijua."

Mwenyekiti alikuja kusimamia. Alisimama juu ya kichwa cha fundi, akiona uchungu kwa kila nati iliyofunguliwa. "Polepole! Nati hiyo ni ya kiwandani."

"Na spana yangu ni ya kiwandani, mzee. Waache, wanajuana."

Nailoni ilipobanduliwa kwenye tangi, Mzee Mwakalobo aligeuka akatazama barabarani.

Usukani ulikaa. Sekela alipanda, na kwa mara ya kwanza mgongo wake ulikuwa wima na viwiko vimelegea. Mzee alikwishaanza kuashiria kwa mkono kwamba kazi imekwisha, waondoke, lakini Sekela hakushuka. Aliwasha injini pale pale, akaukata usukani kulia, kisha kushoto. Kushoto injini ikanguruma yenyewe, wala yeye hakugusa mafuta.

"Zima!" Lwitiko aliruka. "Waya wa mafuta ni mfupi, umevutika. Ungelikata kona hivyo mlimani, pikipiki ingekukimbiza korongoni."

Fundi akarudi kwenye mzoga, akang'oa nyaya zake zote, ndefu, za klachi na breki na mafuta, akazipitisha upya. Jioni Sekela aliukata usukani mara ishirini kila upande. Injini ilibaki tulivu kama ng'ombe anayecheua.

Siku sita maziwa yalipokelewa. Hakusimama njiani hata mara moja. Siku ya saba ikaja mvua.

Mvua ya kule milimani haina mzaha. Ilianza alfajiri na kuugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Watu walimkabidhi maziwa yao bila kumtazama usoni. Ipyana alikuwa amekwisha kuvaa mabuti.

Kwenye mteremko mkubwa gurudumu la nyuma lilimtoroka. Keni zilimvuta upande wa korongo. Kwa usukani wa zamani angekuwa amelala juu ya tangi, vidole vimekufa, wala asingeweza lolote. Sasa alikuwa amekaa wima, na usukani mpana ulikuwa mikononi mwake wote. Aliugeuzia kule gurudumu lilikokimbilia, akaachia mafuta, akaiacha pikipiki iyumbe mara moja, mara mbili, ikatulia. Vidole vyake vyote kumi alivisikia. Akavuta klachi, akaendelea.

Alifika kituoni dakika nane kabla ya mlango kufungwa, matope hadi kwenye nyusi. Mpokeaji alichanganya, akatikisa, akainua kikombe kwenye mwanga. "Safi," alisema, akamwaga keni zote mbili kwenye tangi la baridi.

Kyobola walikuwa wamekusanyika kwa mwenyekiti, chini ya upenu, kila mmoja ametega sikio. Keni zikirudi na maziwa hazitoi sauti. Zikirudi tupu, zinagongana. Kwanza walisikia injini peke yake, mbali. Mzee Mwakalobo akafumba macho. Ndipo kutoka kona ya juu, katikati ya mvua, ikaja: kwang'ara, kwang'ara, kwang'ara! Debe tupu halijapata kuvuma vizuri namna ile. Vigelegele vikapasuka. Mama Kissa alitoka mbio mvuani bila viatu, na wenzake nyuma yake.

Sekela alipozima injini, Ipyana alisogea. "Dada, niazime nijaribu kiti cha washindi." Akapokea ufunguo, akapanda. Magoti yake marefu yakaugonga usukani huku na huku, akashindwa hata kuugeuza. Watu wakashika mbavu.

"Jamani, kumbe sasa mimi ndiye nisiyetosha!" alilalamika.

"Unatosha kabisa," Sekela alisema, akipangusa matope usoni. "Siku nikiumwa ukashika zamu, Lwitiko ana spana."

Mzee Mwakalobo alitoka chini ya upenu, mvua ikamnyeshea kofia. Alichukua ufunguo kutoka mkono wa Ipyana, akamrudishia Sekela kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana," alisema. Kisha akawageukia watu wake, akayasema kwa sauti yake ya mkutanoni yale aliyofundishwa na sauti ndogo kuliko zote:

"Badili kilichoundwa, mwache aliyeumbwa."