Neno la Inès

Hasira hasara. Methali hii ni fupi kwa sababu hasira yenyewe haichukui muda. Kirefu ni hasara.

Mwamba bado anaikumbuka harufu ya kahawa ya Inès. Miaka ile waliishi katika jengo moja la zamani kule Saint-Gilles, yeye ghorofa ya chini, mama huyo Mhispania ghorofa ya juu. Kila Jumamosi Inès alishuka na birika lake, Mwamba akampakulia bukari, ule ugali wa kwao Lubumbashi, na sombe ya majani ya muhogo, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Katika Brussels nzima, hakuna mtu mwingine aliyemgongea mlango.

Siku moja Inès alimkuta akipaka rangi chumba cha binti yake, Keren, aliyekuwa Lubumbashi akingoja viza. Walikuwa wamekwisha kunyimwa mara kadhaa.

"Safari hii atakuja tu, maman Inès!" Mwamba alisema, huku akiimba.

Inès akatabasamu. "Ay, Mwamba! Ilusionado!"

Mwamba alijua Kifaransa, na kwa Kifaransa *illusion* ni njozi, ni kiinimacho. Neno lilimchoma kama mkuki.

"Alors, mimi ni muntu wa kujidanganya? Toka kwangu!"

Inès alitaka kueleza, mlango ukafungwa. Alirudi kugonga mara nyingi. Mwamba hakumfungulia. Hatimaye Inès alihamia kwa mwanawe huko Hispania. Asubuhi ya kuondoka aligonga tena. Mwamba alisikia, akaongeza sauti ya redio.

Keren alipata viza, akaja, akajifunza Kihispania shuleni. Jioni moja, wakila, baba yake akamsimulia tusi lile. Keren akaacha tonge mkononi.

"Papa, ile si matusi! Ilusionado ni muntu mwenye kungojea kitu kizuri, na roho yake yote inafurahi. Angetaka kukucheka, angesema iluso."

"Bon... kumbe alinifurahia?"

"Alifurahi pamoja na wewe. Tumupigie simu!"

"Namba yake nilifuta."

"Anakaa muji gani kule?"

Mwamba akainamia sahani. Hakujua. Ambaye angemwambia alisimama mlangoni asubuhi ile, naye Mwamba akamzidishia redio.

Heri aliyoingoja ilikuwa imeketi mbele yake, inakula sombe. Aliyeishangilia kabla haijafika hakuwapo kuionja. Kahawa inauzwa kila kona ya Brussels. Mwamba hujaribu hii na ile, na zote humpolea mkononi. Kweli, hasira hasara.