Kamba Iliyokanyagwa na Ndovu

Paukwa!
— Pakawa!
Mmeitika kama mliokula kiporo cha juzi. Paukwa!
— Pakawa!
Hapo sawa. Na ninyi akina baba kule nyuma, acheni kusinzia.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walisuka kamba. Kamba ndefu! Ilitoka majabalini, ikapita mti kwa mti, ikafika mchangani kando ya mto. Ukiivuta na kusema, mwenzako wa mti wa pili alisikia. Naye aliivuta, akasema vilevile, bila kuongeza chumvi. Sheria ilikuwa moja tu: ukiletewa, peleka. Semeni nami!
— Ukiletewa, peleka!

Juu majabalini aliishi Bi Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo. Kila asubuhi wanawe watatu walishuka mchangani kula majani mabichi. Kila adhuhuri aliwaita kwa kamba. Ng'we! "Wanangu, njooni nyumbani!" Wakaja. Bi Pimbi hakuwa na kitu kingine duniani ila hao watatu.

Siku moja kamba ikaleta maneno: "Masikio ya Ndovu yanatosha kuezekea banda!" Bonde zima likacheka. Ndovu, mtawala wa bonde, hakucheka. Akaenda katikati ya bonde, akaikanyaga kamba. Ti! "Imepita kwenye ardhi yangu. Ni yangu. Neno nisilolipenda halipiti."

Kima naye alikuwa fundi wa mafundo. Kamba ikikatika, yeye ndiye aliyeiunga. Akasema, "Mafundo yangu, kamba yangu. Mwenye ndizi, neno lake litangulie. Asiye na ndizi angoje."

Wale wawili wakanong'onezana, wakaelewana: kamba ni yao wawili. Bi Pimbi akaja barazani kuuliza. Sasa, bonde lile lilikuwa na desturi yake: Ndovu akisimama, baraza limekwisha. Bi Pimbi akafumbua mdomo. "Na sisi wadogo, je?" Ndovu akasimama. Basi, kila mtu akaenda zake. Bi Pimbi alirudi kwake amefura kwa hasira.

Asubuhi moja, akiwa juu ya jabali, akaona maji. Maji mekundu, yanashuka kutoka milimani, yanabeba magogo. Na watoto wako mchangani! Ng'we! Ng'we! "Maji! Pandeni juu!"

Kima akapokea kwenye fundo. "Una ndizi?"

"Sina!"

"Basi ngoja."

Bi Pimbi akamkimbilia mbio. "Kima! Wanao wanacheza wapi leo?"

"Kwenye mkuyu wa mto..." Kima akageukia mtoni. Akaliachia fundo, wakatimua mbio wote wawili mpaka kwa Ndovu. Wakamkuta amelala wima, mguu juu ya kamba. Krooo! Wakapiga kelele. Krooo! Bi Pimbi akamng'ata kidole cha mguu. Kwachu!

"Nani huyo?"

"Mimi, bwana mkubwa! Mwanao anaoga wapi?"

Ndovu akainua mguu kama aliyekanyaga kaa la moto. Ng'we! Neno likaruka. Digidigi akampa kwale, kwale akampa kicheche, kicheche akampa kobe, na siku hiyo hata kobe aliharakisha. Semeni!
— Ukiletewa, peleka!

Mafuriko yakafika. Wuuu! Yakakuta mchanga mtupu. Juu ya kilima walisimama watoto wa Pimbi watatu, wa Kima wawili, na ndama wa Ndovu, tope mpaka masikioni. Bi Pimbi aliwakumbatia wanawe, akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Wakaketi baraza palepale. Ndovu akasema, "Asanteni. Tangu leo kamba hii nitailinda vizuri, mimi mwenyewe."

Kima akasema, "Nami nitapunguza ndizi."

"Hapana!" Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe. "Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili yatamwaga mchuzi. Ndovu, linda miti isikatwe. Kima, funga mafundo, na kila neno lipite kwa zamu yake. Nasi wadogo, ambao sauti zetu ndizo zinazopita humo, tuwe na kauli. Lisiamuliwe jambo la kamba mpaka pande zote tatu zikubali."

Ndovu akaanza kusimama. Wanyama wakaanza kuondoka.

"Keti, bwana mkubwa," akasema Bi Pimbi. "Hatujamaliza."

Lo! Wanyama wakageuka. Ndovu akamtazama Bi Pimbi. Akamtazama mwanawe mwenye tope. Akaketi. Puu!

Vigelegele vikapasua bonde! Walibishana mpaka jua likapinda, maana kobe akipewa nafasi ya kusema hana haraka. Lakini walikubaliana wote, na Ndovu akawa wa mwisho kusimama.

Wiki ya pili kamba ikaleta maneno: "Masikio ya Ndovu yamezidi kukua!" Bonde likabana pumzi. Ndovu akainua mguu. Akauweka kando. Akaishika kamba kwa mkonga, ng'we, akayasema maneno yaleyale bila kupunguza hata moja. Kisha akacheka mpaka miti ikatikisika.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: kitu cha wote hakikai chini ya mguu wa mmoja. Mtawala ana kazi yake, fundi ana yake, na mnyonge ana yake. Wakiketi pamoja, wote huokoka.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimewaletea. Ukiletewa?
— Peleka!