Mkono Uliozoea

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza gizani, tiki-tiki-tiki, kwa mvuke. Umeme ulikuwa umekatika baada ya magharibi, na jikoni hapakuwa na mwanga ila wa makaa. Mama aliipua maji ya kuwaogeshea watoto, akayachanganya na ya baridi, akatumbukiza vidole.

"Mkono uliozoea haupimi maji," bibi akasema kutoka kwenye mkeka.

Zuwena na kaka yake Makame wakacheka. "Bibi, mkono gani huo? Nani aliyeyasema maneno hayo kwanza?"

"Kaeni, maji yapoe kidogo," bibi akasema. "Methali hii ilianza hivi."

Palikuwa na kijiji upande wa mashariki wa kisiwa, ambako bahari ikipwa hurudi mbali kabisa, ikaacha maji ya vifundoni yaliyotulia kama kioo. Asubuhi mbingu yote huingia ndani ya maji hayo. Wanawake wakienda mashambani mwao, ukiwatazama kutoka ufukweni ungesema wanakanyaga mawingu. Mashamba yenyewe yalikuwa humo humo baharini: vigingi viwili, kamba katikati, na kwenye kamba vishada vya mwani vikipepea majini.

Basi mwani ule ukaanza kuwa mweupe. Huanza ncha, ikafuata shina, kisha kishada hukatika chenyewe kikaelea taratibu, kama nywele za mtu aliyelala majini. Mwaka wa kwanza watu walisema kamba ni mbovu. Mwaka wa pili wakasema kijicho. Mwaka wa nne mashamba mengi yalikuwa vigingi vitupu, na mbegu iliyobaki kijijini kote ilikuwa kamba ishirini tu.

Alikuwako mwanamke kijana, Salha, aliyejifunza kusoma katika darasa la jioni huku mtoto yuko mgongoni. Watafiti waliopita kijijini walimwachia kipimajoto, naye kila bamvua, siku zile bahari inapokupwa sana, jua likiwa utosini, alikitia majini na kuandika. Mwaka wa kwanza aliandika thelathini na moja. Mwaka huo wa nne ilikuwa thelathini na nne.

Akaitisha mkutano bandani, penye vichanja vya kuanikia.

"Bahari inapata joto," akasema. "Mwani hauliwezi. Tuhamishe mbegu kwenye maji ya kifuani, kuna baridi kidogo. Lakini kule mkondo una nguvu, kamba moja inataka watu sita. Peke yangu siwezi. Na bamvua lijalo likitukuta hapa hapa, mbegu imekwisha."

"Kipimajoto hicho kakitie kwenye chai ya mumeo," Bi Tatu akapaza sauti, "kila siku analalamika imepoa!"

Banda zima likacheka, hata Salha mwenyewe. Kisha wote wakageuka kumtazama Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mkunga. Nusu ya waliokuwa wakicheka pale walizaliwa mikononi mwake. Tena alikuwa wa kwanza kijijini kupanda mwani, miaka thelathini nyuma. Neno lake likishatoka, watu walikuwa wakichukua makanga yao wakaenda zao.

"Salha mwanangu," akasema kwa upole, "msimu wa kaskazi ni wa joto tangu enzi za bibi yangu. Miguu yangu hii imo majini miaka thelathini. Maji yangebadilika, ingeniambia. Mimi nahisi ni yale yale."

Wakachukua makanga yao. Salha akabaki na daftari mapajani, akitazama vichanja vilivyo vitupu. Walioondoka walikuwa mama zake na shoga zake, na yeye alijua kwamba watakaokosa mavuno ni wao.

Zilibaki siku nne bamvua liingie. Siku ya pili yake Salha akaenda kumtazama Jokha, binti yake Bi Mize, aliyekuwa na mtoto wa siku saba. Alimkuta Bi Mize ametoka kumkanda mzazi. Tangu alfajiri alikuwa akichovya kitambaa katika maji ya moto, anakamua, anakanda, anachovya tena. Sasa ilikuwa zamu ya mtoto kuoga.

"Nisogezee beseni, mwanangu."

Salha akalivuta. Maji yakaruka yakamwangukia mguuni, akaruka naye. Bi Mize alikwisha kutumbukiza mkono.

"Vuguvugu, mazuri kabisa," akasema, na kumwinua mtoto.

"Bi Mize, ngoja! Ni ya moto!"

"Lo! Umeshamaliza bahari, sasa umeingia kwenye beseni langu? Watoto wangapi nimewaogesha mimi? Wewe mwenyewe nilikuogesha!"

"Najua, bibi yangu. Nakuomba tu, tia kisukusuku, hicho kiwiko chako."

Jokha akajiinua kitandani. "Mama, tia. Utapungukiwa nini?"

Bi Mize akaguna. Akampakata mtoto vizuri kifuani, akainama, akachovya kisukusuku, mahali ambapo maji ya moto hayakuwa yamefika asubuhi ile. Akakitoa kwa haraka kama aliyeumwa na nge.

Mtoto alipiga mwayo. Bi Mize akaketi polepole na kuutazama mkono wake, mbele na nyuma, kama mkono wa mgeni.

"Haukunidanganya kwa kupenda," akasema mwishowe. "Umekaa motoni tangu alfajiri, moto ukawa ndiyo hali yake." Kisha akaitazama miguu yake. "Salha. Na hii je, iliyomo baharini miaka thelathini?"

Salha akamwaga maji ya baridi kwenye beseni.

Kesho yake Bi Mize mwenyewe ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu bandani. Akasimama mbele yao, akasimulia kisa cha beseni chote, hata pale alipomfokea Salha.

"Nilikosea," akasema. "Nilikosea la mtoto, na nadhani nimekosea la bahari. Mkono uliozoea haupimi maji."

"Beseni ni beseni, Bi Mize," Bi Tatu akasema. "Bahari ni ya Mungu."

"Na mtoto pia ni wa Mungu, lakini nisingemchovya mle. Sikulazimishi, Tatu. Anayekwenda na twende."

Wakaenda watu kumi na wawili. Walihamisha kamba kumi na moja, maji yakiwafika kifuani na kanga zikiwafunguka, wakishikana mabega na kuimba ili wasichukuliwe na mkondo. Kamba tisa za waliokataa zilibaki pale pale zilipokuwa.

Bamvua likaja, jua likakaa juu ya maji yale ya vifundoni siku tano. Zote tisa zikawa nyeupe. Zile za kwenye kina hazikupona zote. Mkondo ulikata nne, moja ikadhoofu. Lakini sita zilibaki na rangi yake ya kahawia, zikashika, zikachipua. Salha akakata mbegu, akamgawia kila mmoja, na fungu la kwanza akampelekea Bi Tatu.

"Na hicho kipimajoto chako," Bi Tatu akasema huku akipokea, "bamvua lijalo nitakishika mimi. Nione kwa macho yangu."

"Kishike, shoga. Ndiyo kazi yake."

Bibi akawageukia wajukuu wake, akasema, "Tangu siku ile, kule wanakotoka watu wetu, mtu akisema 'mimi nimeishi hapa siku zote, hakuna kilichobadilika,' hawamcheki wala hawamtukani. Humwambia taratibu tu: mkono uliozoea haupimi maji."

Makame alikuwa anafikiri. Zuwena akajiegemeza kwa mama yake.

"Mimi nikikosea, nitasema, kama Bi Mize," Zuwena akasema.